Sentensi ya Baba Barazani

Mvua za vuli zinapoanza kunyesha juu ya Uluguru, watu wa Bigwa huzinusa kabla hazijawafikia. Upepo hushuka na harufu ya majani ya migomba yaliyooza, ya udongo uliolowa na ya moshi wa kuni mbichi kutoka vijiji vya juu, ndipo matone makubwa huanza kugonga mabati. Mwaka niliomaliza darasa la saba, mvua hizo zilinikuta kila asubuhi barazani kwetu, nimekaa kwenye benchi na rafiki yangu Zuhura, binti wa jirani, tukifundishwa Kiingereza na baba yangu. Tulikuwa tunasubiri matokeo. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alijua vyema kinachowasubiri watoto kama sisi huko sekondari: unaingia darasani Januari, na kila somo, hata lile la mimea na wadudu, linafundishwa kwa lugha ambayo mpaka jana ulikuwa ukiisikia katika kipindi kimoja tu cha siku. "Sitaki wanangu wakakae huko kama magogo," alisema, na Zuhura naye alimhesabu kuwa mwanawe.

Somo lililotutesa kuliko yote lilikuwa la vishazi rejeshi. Baba aliegemeza kipande cha ubao dirishani, akaandika na kufuta mpaka suruali yake ikawa nyeupe kwa chaki. "Kiswahili kimefunga mzigo wote kwa kamba moja," alisema. "Anayebeba. Ni neno moja, na ndani yake mna mtu, wakati na kitendo. Mwingereza yeye huufungua mzigo, akatoa kimoja kimoja." Hilo tulilielewa. Tulipoteleza ni kwenye kielezi, lile neno linaloeleza namna kitendo kinavyotendeka. Barabarani walikuwa wakipita akina mama walioshuka mlimani na matenga ya ndizi kichwani, na sisi kwa Kiswahili tulisema "mwanamke anayebeba vizuri ndizi" bila mtu kutucheka. Basi tukaandika kwa mpangilio uleule, "the woman who carries well bananas". Baba akafuta. Alisema kielezi hufuata kitenzi, hiyo ni sawa katika lugha zote mbili, lakini kwa Mwingereza kitenzi kikiwa na kitu chake, kielezi hungoja nyuma. Akaandika upya, "the woman who carries bananas well", akakigonga kile kineno cha mwisho kwa chaki. "Kielezi ni mgeni mwenye adabu. Haketi katikati ya mtu na mkewe." Mama, aliyekuwa akifunga mafungu ya mchicha ya kupeleka sokoni, akasema bila kuinua kichwa, "Basi ndugu zako wote si vielezi." Baba alicheka mpaka akaketi chini.

Tangu hapo alitufundisha kwa maswali matatu. Mtu akipita aliuliza: Nani? Anafanya nini? Anafanyaje? Nasi tulijibu kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Mzee anayepanda kilima polepole. Mtoto anayelia kwa sauti. Tukikosea alitutania kwa methali, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na tukajaribu tena. Sikumbuki kama niliwahi kujifunza kitu kwa raha kama ile.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, baba alikwenda nyuma ya nyumba kutazama matuta ya mchicha. Mama alisikia ndoo ikianguka. Alimkuta amelala ubavu katikati ya matuta, macho wazi, mdomo umekwenda upande. Hospitali walisema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani, mjomba Deo, kaka yake mama, alimbeba kutoka kwenye gari kama mtu anavyobeba gunia lisilo zito, akamkalisha kwenye benchi letu. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na kazi tena. Na maneno yalikuwa yamekwenda. Mtu aliyekuwa akisema tangu kucha mpaka kuchwa sasa alikuwa na "ndiyo" peke yake, na hiyo aliitumia hata alipotaka kusema hapana.

Wengine walinong'ona kwamba amefungwa ulimi na watu. Padri alikuja kumwombea, na mama yake Zuhura alileta uji na dua zake. Lakini nesi alikuwa ametuagiza jambo moja. "Msimsemee," alisema. "Mwacheni alitafute neno mwenyewe, hata kama anachelewa." Nikaona hapo nina kazi. Nilikaa mahali alipozoea kukaa yeye, nikaanza kumuuliza maswali yake mwenyewe.

"Baba, yule nani?"

"Ma... ma."

"Anafanya nini?"

Alitazama jiko la mkaa muda mrefu. "A... napika."

"Anapikaje?"

Hapo alikwama. Midomo ilijikusanya, ikalegea, ikajikusanya tena, na chozi likatoka jicho moja. "Mwache mwenzio, Tekla, umemchosha," mama alisema. Lakini baba aliligonga benchi kwa mkono wa kushoto, akinitaka niendelee. Tukaendelea hivyo mpaka Krismasi ikapita. Siku moja alisema, kwa pumzi moja, "Mama anayepika." Zuhura akapiga makofi, mimi nikalia. Kishazi kizima! Ila lile neno la tatu halikuja. Kila mara alifika hapo akaachama, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau ni nyumba ya nani.

Matokeo yalitoka. Zuhura alipangiwa shule ya kutwa mjini, mimi shule ya bweni, mbali, upande wa Iringa. Nikasema siendi. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na mjomba Deo alikuja kutoka Mkuyuni kulisema. "Baba yako hakukufundisha ili ukae hapa kumfukuzia nzi," aliniambia.

Asubuhi ya safari mjomba alikuja na pikapu ya kuazima, akapakia tranka na godoro. Nilipiga magoti mbele ya baba, nikasema shikamoo. Akanishika mkono wa gauni kwa vidole vyake vya kushoto.

"Tekla," alisema. Hakuwa ametaja jina langu tangu aanguke. "Tekla... anayekwenda..."

Tulingoja. Mjomba alisema taratibu kwamba basi halisubiri mtu. "Mwacheni amalize," mama akasema, na mjomba akazima injini. Tulisikia maji yakitiririka mtaroni. Baba alinitazama usoni, midomo ikijikusanya na kulegea, shingo imesimama mishipa. Mwishowe alishusha macho, akaniachia gauni. Nikapanda gari.

Alifariki kabla ya likizo ya Pasaka. Matroni aliniita, akanikalisha, akanishika bega. Masika yalikuwa yamekata barabara, na nilipofika Bigwa walikuwa wameshazika. Jioni ile mama alinieleza kwamba siku niliyoondoka baba alibaki barazani mpaka jua la utosi, akirudia neno lile moja, "anayekwenda". "Nikashindwa kuvumilia, nikamsaidia," alisema. "Nikamwambia, salama? Akatikisa kichwa. Vizuri? Akatikisa. Mbali? Peke yake? Yote akatikisa, mpaka akakasirika. Nikaingia ndani nikalia."

Leo nafanya kazi mjini Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika kwa Kiingereza. Bigwa imejaa kuta na mageti, na ndizi za mlimani nyingi hushuka kwa bodaboda. Binti yangu amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Hukiongea haraka, na akikosa neno huiuliza simu, nayo humjibu kabla hajamaliza kuuliza. Simwonei wivu, wala simlaumu. Ila sidhani kama amewahi kuona watu wazima wamesimama kimya, gari limezimwa, wakingoja neno moja kutoka kwa mtu mmoja. Lugha zote mbili ninazo sasa, na maneno mengi kuliko aliyokuwa nayo baba, lakini nimeyajaribu yote pale mwisho wa sentensi yake na hakuna linalokaa.

Juzi nilikwenda kumwona mama. Amezeeka, macho yanamsumbua, kwa hiyo tulichambua mchele pamoja, mimi nikiokota vijiwe asivyoviona. Tulikuwa tunazungumzia bei ya mkaa. Akaacha kuchambua, akasema, "Labda alitaka kusema 'bila mimi'. Hilo sikumjaribu."