Amerika, Bi Mdogo na Muuza Nazi

Tulikuwa watu sita sebuleni Kandara, Jeddah, Ijumaa ile baada ya chakula cha mchana. Mimi. Binti yangu wa mwisho, muuguzi Riyadh, ambaye ndiye aliyeniita nije nikae naye. Mumewe, yaani mkwe wangu, aliyetuendesha tangu Riyadh na akalalamika mara moja tu. Mjukuu wangu, binti yao, miaka kumi na mitatu. Bi Mdogo, mwenye nyumba, ambaye ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alimuoa miaka sita baada yangu, na sasa anakaa Jeddah kwa mwanawe. Mwanawe alikuwa kazini, kwa hiyo simhesabu. Wa sita ni dereva Mkenya, mtu wa Machakos, Mkristo, jirani yetu mtaani kule Murabba, Riyadh. Aliomba lifti aende kuchukua gari la bosi wake, tukampa, na Bi Mdogo akakataa katakata asiondoke bila kula.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao. La dereva ninalo mpaka la babu yake, maana nilimuuliza njiani na njia ni ndefu. Lakini mjukuu wangu amenikataza kuyaandika. Anasema siku hizi majina ya watu hayaandikwi ovyo. Haya.

Mjukuu huyu alikuwa ameanguka mtihani wa historia, na aliyemwangusha ni mimi.

Skuli yake ya Riyadh inafundisha masomo ya Kiamerika. Mimi nilisoma chuo cha Kurani na darasa nne za skuli, basi, lakini nikisikia jambo halitoki kichwani. Kwa hiyo jioni anasoma kwa sauti, mimi nachambua mchele, na vita vya Amerika na Uingereza nikavijua kama vya mtaani kwetu. Siku moja akanisomea kwamba Amerika ilipojitoa kwa Uingereza, Ufaransa iliisaidia kwa merikebu na askari. Miaka michache baadaye Ufaransa yenyewe ikaingia vitani na Uingereza. Hapo akafunga kitabu, akaniuliza, "Bibi, sasa Amerika ilifanya nini?"

Nikamjibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Ilikwenda kumsaidia, ingefanya nini? Aliyekupikia harusini humuachi peke yake msibani."

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Unguja jirani akishinda jikoni kwako siku ya shughuli, siku yake unakwenda, hata kama unaumwa mguu. Sikudhani kuna mahali dunia inakwenda vingine.

Mtoto akaliamini, akaenda kuliandika ukurasa mzima. Kumbe Amerika haikwenda. Rais wao wa kwanza alitangaza kwamba hawamo, si huku wala kule. Mwalimu akampa alama za kuhurumiwa, akamwambia Jumapili atamuuliza kwa mdomo, na akishindwa tena atarudia darasa na wenziwe wapande.

"Mama," binti yangu aliniambia, "ule ulikuwa mtihani wa Amerika, si wa Unguja."

Safari nzima ya Jeddah nilikuwa na neno hilo kifuani. Tulipomaliza kula, mtoto akafungua kitabu pale kwenye zulia, machozi yakamlenga.

"Kilichotokea nakijua," alisema. "Sijui kwa nini. Kila nikifika hapo naona Amerika ina makosa, na mwalimu atauliza kwa nini."

"Kwani mnasoma nini?" Bi Mdogo aliuliza, anamimina kahawa.

Mjukuu akamweleza yote, mpaka lile langu la harusi na msiba. Bi Mdogo akaweka dele chini. Nilimjua anavyokunja mdomo akitaka kucheka.

"Huyo si Amerika," alisema. "Huyo ni yule jirani yetu muuza nazi."

"Bi Mdogo, usianze," nikasema.

"Siachi. Mtoto atarudia darasa kwa sababu wewe hujamsamehe muuza nazi."

Basi akamsimulia, na mimi sikuweza kumzuia, maana nipo kwake nimeshakula biriani yake. Muuza nazi alilelewa nyumbani kwa mama yake Bi Mdogo. Alipokua, kila shughuli ya nyumba ile anapangiwa yeye kazi ya kupika bila kuulizwa, na siku moja akasema basi, mimi nahama. Ukazuka ugomvi. Mimi wakati huo nina mwaka wa pili wa uke wenza na moyo wangu haujatulia. Nikatuma kaka zangu wawili wakambebee kitanda, nikampa vyungu na mkeka, akapanga chumba mbele ya nyumba yangu akaanza kuuza nazi.

"Kwa hiyo mama yake Bibi Mdogo ni Uingereza," mjukuu alisema. "Na Bibi ni Ufaransa!"

"Sasa subiri," alisema Bi Mdogo. "Mwaka uliofuata tukagombana sisi wawili, mimi na bibi yako, ugomvi wa kweli. Bibi yako akamwita muuza nazi, akamwambia, haya, simama upande wangu. Yule akasema nini? Sema mwenyewe, Bi Mkubwa. Wewe ndiye unayekumbuka kila kitu."

Ninakumbuka mpaka rangi ya kanga aliyojifunga, nyekundu. Alisema, "Mimi nauza nazi. Kila mwenye chungu ni mteja wangu. Nyumba yangu bado changa, nikiingia vitani nitakula nini?"

"Na Bibi ulifanya nini?"

"Nilimzuilia ndoo zake kisimani," nikasema. Ilibidi niseme. "Siku tatu. Nikawarudisha watu wanaokwenda kununua kwake."

Mkwe wangu akageuka kuniangalia kama hajawahi kuniona.

"Na mimi sikuwa bora," Bi Mdogo akasema. "Kulikuwa na mwanamke anamkunia nazi, naye kalelewa kwetu. Nilimkamata mlangoni, nikamwambia, wewe ni wa nyumba yetu, ingia ndani ufue. Analia kwamba kwetu keshatoka. Sikusikia."

Mjukuu akaruka. "Iko humu! Waingereza walisimamisha merikebu za Amerika wakachukua mabaharia. Wanasema aliyezaliwa Uingereza ni wao tu. Wengine walikuwa na karatasi za Uamerika mkononi, hawakuaminiwa."

Dereva, ambaye mpaka hapo alikuwa anakula tende kimya, akasema, "Eeh! Hiyo ni kama uko na ikama mfukoni, kibali chako cha kukaa hapa, picha ni yako, halafu mtu anakuambia, mafi, hakuna, huyu si wewe. Nyanya, hiyo kitu inauma. Mimi hapo ningepigana."

"Na walipigana," mjukuu akamwambia, "lakini baadaye sana."

"Na Spain, si pia alikuwa kwa hiyo vita, ako wapi hapa?"

Tukatazamana. Hispania hatukumpata. Mkwe wangu akajitolea awe yeye, kwa kuwa ugomvi wote huo ulipita yeye hajui lolote. Tukacheka mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakasikia.

Lakini mtoto hakuwa amemaliza. Akaniuliza taratibu, "Bibi, kwani wewe ulimsaidia muuza nazi kwa sababu ulimpenda?"

Nikaweka kikombe chini. Bi Mdogo hakunijibia, na hilo namshukuru, maana jawabu alikuwa nalo.

"Hapana," nikasema. "Nilimsaidia ili nimkomoe huyu hapa."

"Basi ndiyo," mtoto akasema, akaandika kitu pembeni ya ukurasa. Sikuwahi kulisema neno lile kwa mtu, na nililisema Kandara, mbele ya mkwe. Ajabu ni kwamba sikuona aibu. Bi Mdogo alinijazia kikombe, akanisogezea tende zilizo laini, anajua meno yangu.

Jumapili, Murabba, nilikaa na ungo wa mchele usio na hata kijiwe kimoja. Niliuchambua mara tatu. Binti yangu alikuwa kazini, akanipigia simu kuuliza kama mtoto karudi, nikamwambia bado.

Saa nane mlango ukafunguliwa. Akatupa mkoba, akaja kunikalia miguuni.

"Ameniuliza lilelile."

"Ukasema nini?"

"Nilisema nchi ilikuwa changa, haina merikebu za kutosha, na inauza bidhaa pande zote mbili. Halafu nikasema Ufaransa ilisaidia ili kuwakomoa Waingereza, kwa hiyo haikuwa na haki ya kudai Amerika ife kwa ajili yake. Mwalimu akauliza hilo la mwisho nimelisoma kitabu gani."

"Enhe?"

"Nikamwambia nimelipata kwa aliyekuwepo." Akacheka. "Nimepita, Bibi. Sirudii."

Nilimshika kichwa nikamsomea dua, nikampigia mama yake, kisha Bi Mdogo, aliyepiga kigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Tulipotulia mtoto akaniambia kwamba Amerika na Ufaransa walikamatiana merikebu miaka miwili, mwisho wakaandikiana amani. "Na nyinyi na muuza nazi mliandikiana?"

Hatukuwahi. Tulisalimiana tu, miaka yote hiyo, kila mtu mlangoni kwake. Yupo hai Unguja, na nambari yake ninayo. Nikapiga hapohapo, mtoto ananishikia simu. Nikamwambia, "Siku ile ya ndoo, haki ilikuwa yako."

Akasema, "Bi Mkubwa, yaani umevuka bahari yote hiyo ndiyo ukaliona?" Akacheka, na sauti yake ni ileile. Tukazungumza mpaka simu ikamaliza moto.

Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Bi Mdogo anasema ndoo nilizizuia siku tano. Muuza nazi anasema saba, na ati kanga yake haikuwa nyekundu. Mimi nasema tatu, na nyekundu. Kama kuna mtu wa mtaa wetu aliyekuwepo kisimani na anakumbuka vingine, amwambie mjukuu wangu, naye atanisahihishia. Hata siku saba nitazikubali, akiapa.