Nilivyobarikiwa Mashuuru

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu hii aibu nimeificha miaka mingi na leo naitoa mwenyewe kabla mke wangu hajaitoa (yeye huongeza chumvi). Mimi nilibarikiwa na wadudu, na nikasema asante. Tena si mara moja.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafanya kazi kwa shamba la maua hapa Kitengela, na kazi yenyewe, tafadhali msiseme kitu, ilikuwa kutafuta wadudu. Nazunguka na lenzi shingoni nikigeuza majani ya waridi, nikiona kidukari naandika, ndiyo watu wa dawa wajue wapulizie wapi. Huko nikapatana na Naserian, aliyekuwa anafunga maua, tukapendana mpaka ikabidi twende kwao Mashuuru. Mimi Mkamba, yeye Mmaasai, na baba yake alikuwa ametuma neno kwamba lazima amwone huyo kijana kwanza ndiyo aseme ndiyo au hapana. Wiki nzima sikulala vizuri.

"Mzee akikukubali," Naserian akanionya, "atakubariki kwa kukutemea mate kidogo. Usiruke, usijipanguse. Inamisha kichwa, useme Naai, ndiyo amina yetu."

"Hiyo tu? Hiyo naweza."

Naserian akatangulia nyumbani, tukafika mimi na Mjomba Musyoka, jua la saa saba likituchoma, tukasalimiana, Mzee akasema anaenda bomani kuangalia ng'ombe mmoja mgonjwa, tumngoje kwa viti kando ya nyumba. Lakini mimi, kwa sababu nilikuwa na suti na nilitaka Mzee akitoka anione wa kwanza, nikabeba kiti changu nikakiweka karibu na boma, chini ya mti wenye maua ya kijani na ya pinki yamejipanga kwa matawi vizuri sana. Halafu nikaipa boma mgongo, maana mtu mwenye adabu hakodolei ng'ombe wa wenyewe macho.

Mara, tone dogo shingoni. Nikatulia. Lingine likaja kwa sikio, laini, kama la mtu anayetema kwa upole, na nyuma yangu nikasikia mtu akipumua (alikuwa ndama, lakini hayo niliyajua baadaye). Moyo ukaniruka: Mzee amenikubali, hata swali moja hajauliza! Nikainamisha kichwa, "Naai." Likaja lingine, "Naai!" Baraka zikazidi na mimi naitikia kila tone, mpaka nikaona ni uchoyo kula peke yangu, nikaita, "Mjomba, kuja haraka, tunabarikiwa!"

Mjomba Musyoka hajawahi kukataa kitu cha bure. Akavua kofia, akaleta kiti na kipara chake, tukawa wawili, Naai, Naai, kama kwaya. Tone moja likamwangukia mdomoni, akalamba.

"Mwendwa," akaninong'oneza, "mate ya huyu mzee yako na sukari."

Nikaonja. Walai, tamu! (Hapo mtu mwenye akili angegeuka. Mimi niliinua uso nipate mengi.)

"Hawa wageni wanaongea na nani?"

Ilikuwa sauti ya Mzee, na haikutoka nyuma, ilitoka mbele. Alikuwa ametokea mlango ule mwingine wa boma, na Naserian yuko kando yake, mkono mdomoni. Nikatazama juu vizuri. Yale maua yakatembea.

"Hao ni wadudu," Mzee akasema polepole, kama anaongea na mtoto. "Wananyonya maji ya mti kutwa nzima. Wakishiba wanakojoa." Akamgeukia binti yake. "Huyu ulisema anafanya kazi gani?"

"Ya wadudu, baba."

Jamani! Nikaona nikinyamaza nimekwisha, lazima nionyeshe ujuzi, nikaruka juu nikavuta tawi nianze kueleza, na wale wadudu wakalipuka wote kwa pamoja kama bisi, wakubwa wakaruka na mabawa, watoto wao wenye mikia ya pamba nyeupe wakamwagika kwa shuka ya Mzee na kwa sufuria ya chai ambayo mama mkwe alikuwa ndiyo anawaletea wageni.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Mtu anayeshukuru hata mkojo wa mdudu," akasema akijifuta machozi, "hatamsumbua msichana wangu kwa chakula. Njoo nikubariki."

Nilisikia raha, sidanganyi! Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikafumba macho. Nikahisi matone kwa paji la uso, na mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukapiga paa! ukafuta, na mdomo ukasema, "Shenzi, kumbe bado kuna mmoja!"

Naserian akajifunika uso.

Mzee akasimama, akachukua fimbo yake. "Nendeni," akasema. "Mrudi mwezi ujao. Na siku hiyo kijana ashikwe mikono."

Tukarudi mwezi uliofuata, nikashikwa, Mjomba Musyoka kulia na shemeji yangu kushoto, watu wa boma nzima wamejipanga kutazama, na nikabarikiwa kama mbuzi anayepewa dawa. Nikampata mke. Lakini nimeapa, mpaka leo sisemi asante kabla sijageuka nikaona ni nani ananipa.