Jogoo wa Kuazima

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Chikongola, hapa Mtwara mjini, kutafuta kuku wa mchuzi, na katika tenga la mwisho, nyuma ya kuku weupe wa kisasa waliojilalia kama wagonjwa wanaomngoja daktari, nikamwona mmoja aliyenifanya nisimame. Manyoya yake yalikuwa yamejikunja yote kuelekea kichwani. Muuzaji alidhani nasita kwa ajili ya bei. "Huyo nakupunguzia, dada," akasema. "Manyoya yake hayana mpango, lakini nyama ni ileile." Nilicheka, na kabla sijamaliza kucheka nikahisi machozi yananilengalenga. Nikanunua mweupe mmoja haraka haraka nikarudi zangu Chuno, na tangu siku hiyo akili yangu haipo nyumbani.

Wewe kama umekulia mjini huenda hujui kuwa kuku wa kienyeji wana majina kama watu wa makabila. Yupo kishingo, asiye na manyoya shingoni. Yupo kibwenzi, mwenye kishungi kichwani. Na yupo huyo niliyemwona tengani, mwenye manyoya yaliyopinda kinyume, anaitwa kidimu. Bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea na kuniita mke mwenzangu kwa utani, aliwajua wote na alikuwa na neno la kumwambia kila mmoja. Tuliishi kijijini, upande wa Mahurunga, pale mto Ruvuma unapopanuka kuifuata bahari na maji ya visimani yanaanza kuwa na ladha ya chumvi. Asubuhi kwetu ilikuwa na harufu ya maganda ya korosho yakiungua, na sauti ya michi ikitwanga makopa ya muhogo nyumba hadi nyumba. Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuwafungulia kuku, kabla sijanawa uso.

Kidimu alikuwa na cheo katika ua wetu. Watu wa kwetu waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba mtu mbaya akikufukia kitu uani, kidimu atakiparura mpaka kitoke. Bibi alikuwa amezika watoto wake wawili wakiwa wadogo, na hakuna aliyeweza kumwambia kwa nini. Kwa hiyo kila kitu alichokiparura kidimu, Bibi alikikagua. Mara kifungo cha koti la marehemu babu, mara kijiko kilichovunjika mpini. "Umeona?" ananiambia huku amekishika mbali na mwili wake. "Hiki kimefikaje hapa?" Mimi nilijua kijiko kile nilikiangusha mwenyewe nikicheza mapishi, lakini nani angekubali kumnyima kidimu sifa zake?

Nyuma ya ua wetu aliishi jirani, mwanamke wa rika la Bibi, aliyevuka mto kutoka Msumbiji akiwa msichana na mzigo kichwani. Mimi nilimwita Bibi wa Ng'ambo. Usoni alikuwa na nembo za kuchanjwa za zamani, mistari iliyoshuka mashavuni, na akicheka mistari ile ilicheka naye. Uzio wa makuti uliotutenganisha ulikuwa na kipenyo, na kipenyo kile ndicho kilichokuwa mlango wangu. Nilipita nikiwa na njaa, nilipita nikiwa nimegombezwa. Kwake nilikula ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini, tunaimenya kwa vidole na kuichovya kwenye chumvi yenye pilipili. Msimu wa mpunga mchanga alitwanga pepeta, akanipa ya moto kiganjani mpaka nirukeruke.

Alfajiri walisalimiana wakiwa kila mmoja kwake.

"Jirani, umeamkaje?"

"Nimeamka, mwenzangu. Mgongo ndio haujaamka."

Wakacheka, na siku ikaanza. Kwa miaka hiyo yote sikuwahi kuwasikia wakikosa.

Sasa, kwetu ulikuwepo utaratibu wa jogoo wa kuazima. Ukitaka mbegu ya jogoo wa mwenzako, humnunui. Unamwazima, anakaa na mitetea yako, unamrudisha akiwa na afya. Vifaranga wakikua, mwenye jogoo anakuja kuchagua wa kwanza, yeyote ampendaye, hata akiwa ndiye uliyemtamani. Kumnyima ni aibu kubwa.

Bibi alikuwa na mitetea ya kidimu, lakini jogoo wetu alikuwa wa kawaida, na kila walipototoa, vifaranga walitoka nusu kidimu na nusu wenye manyoya laini. Bibi wa Ng'ambo alikuwa na jogoo mwekundu wa kidimu, mkorofi, mwenye kutembea kama mtoza ushuru. Mwaka mmoja niliugua homa mpaka nikapoteza fahamu, na nilipopona Bibi aliamua kuwa ua wake lazima ujae kidimu watupu. Wakakaa wawili kwenye mkeka, wakachambua mbaazi na kulipanga jambo hilo kama watu wanaopanga posa. "Kidimu kwa kidimu," Bibi wa Ng'ambo alisema, "atatoka nini tena kama si kidimu?" Jogoo akapitishwa kwenye kipenyo, mimi ndiye niliyembeba, na alama ya mdomo wake ninayo kwenye mkono wa kushoto mpaka leo.

Vifaranga walitoka wazuri. Nataka uwaone nilivyowaona: vimipira vya manjano na kahawia, wote na manyoya ya malaika, laini, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Bibi wa Ng'ambo alikuja, akawatazama, akasema atachagua wakishaota manyoya, maana kifaranga ni kama mchumba, usimwamini mapema.

Manyoya yalipoanza kuota, ndipo mambo yalipoharibika. Wengi walikuwa kidimu wa kawaida. Wachache wakatoka laini kabisa, na hilo peke yake lilimshangaza Bibi. Lakini walikuwepo wengine ambao kila unyoya uliochomoza ulikuwa mwembamba kama uzi, ukajikunja mno, ukakatika. Wakabaki na ngozi nyekundu juani, wakitetemeka asubuhi za baridi na kujibana chini ya mama yao wakiwa wamezidi umri wa kubanwa. Nilijaribu kuwafunika kwa kipande cha kanga.

Bibi alimshika mmoja, akamgeuza tumbo na mgongo. Ukimfahamu alivyowaza, utaona kwa nini aliogopa. Kidimu ndiye mlinzi. Na sasa mlinzi alikuwa amevuliwa nguo ndani ya ua wake mwenyewe. "Mwenye kuweza kumvua kidimu nguo," aliniambia kwa sauti ya chini, "ataniacha mimi?" Na ni nani aliyeingiza kitu chake humu, kama si yule wa nyuma ya uzio?

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimrudisha jogoo kwa njia ya barabarani, kisha akakata matawi ya mchongoma, akayashindilia kwenye kipenyo mpaka mikono ikamtoka damu. Alfajiri iliyofuata sauti ikaja kutoka nyuma ya uzio kama kawaida.

"Jirani, umeamkaje?"

Bibi alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza.

"Jirani! Umeamkaje?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi, Bibi akanitazama, nikaufunga. Jua lilipopanda Bibi wa Ng'ambo akazunguka mpaka mlango wa mbele, akasimama nje bila kupiga hodi. "Mwenzangu, njia yetu imeota miiba?" Bibi akajibu, "Kuku walikuwa wanapita." Wote watatu tulijua kuwa kuku wetu hawakuwahi kutafuta njia ya kupita, maana waliruka juu. Bibi wa Ng'ambo akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwake. Hakuja kuchagua kifaranga wake.

Nilimkosa mtu yule kwa njia ambayo mtoto hana maneno yake. Nilikaa upande wetu wa uzio nikinusa ming'oko ikichemka upande wa pili. Baada ya mavuno ya mwaka uliofuata nilikutana naye njiani kutoka kisimani, amebeba kitita cha nguo na yule jogoo mwekundu kwapani. Alikuwa anarudi kwa kaka zake, ng'ambo. Alinishika kichwani, akasema, "Msalimie bibi yako." Nilizifikisha salamu. Bibi akasema, "Haya," akaingia ndani.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha nne. Mwalimu wa baiolojia, mtu wa bara aliyekuwa akilalamikia joto la Mtwara kila kipindi, alichora ubaoni maua mekundu na meupe, akatuonyesha jinsi mtoto anavyopokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Mara nyingi moja huifunika nyingine, akasema, lakini ziko zisizofunikana, hapo dozi moja huleta sura hii na dozi mbili huleta sura nyingine. Kalamu ikanidondoka. Baada ya kipindi nilimfuata nikamsimulia habari za kidimu. Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Jeni, aliniambia, ni maelekezo ya kutengeneza kitu mwilini. Jeni ya kidimu ina kasoro katika kuutengeneza unyoya. Ukiipata kwa mzazi mmoja, unyoya unapinda. Ukiipata kwa wote wawili, unyoya unakosa nguvu kabisa, unakatika. Kidimu na kidimu wakikutana lazima wawepo laini, wawepo waliopinda, wawepo walio uchi. "Hata ungewatenga kisiwani," akasema.

Nikamuuliza, mbona walianguliwa wote sawa? Akasema jeni haifanyi kazi kila saa na kila mahali. Imo katika kila seli ya kuku, ya jicho, ya ini, ya ukucha, lakini inasomwa pale tu inapohitajika, na ile ya manyoya ilikuwa bado haijasomwa. Nilielewa kwa njia yangu. Mwanamke aliyefundwa unyago anazijua nyimbo zote, lakini ya msibani haiimbi harusini. Iko kifuani, inangoja siku yake.

Usilicheke hili nitakalokuambia. Nilirudi kijijini likizo ile nikiwa nimebeba jeni kama mtu aliyebeba dawa. Nilimkuta Bibi uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikakaa, nikachora kwa kijiti mchangani, nikamweleza yote, jogoo na mtetea, moja kwa baba na moja kwa mama. Nikamalizia, "Kwa hiyo Bibi wa Ng'ambo hakukufanyia kitu."

Hakuinua kichwa. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Msimu uliofuata nilimpandisha jogoo niliyemtotoa mwenyewe humu ndani. Naye kidimu, na mitetea ile ile kidimu. Wakatoka vilevile, uchi. Na miiba iko palepale, hajapita mtu." Akapiga korosho moja, ikapasuka vibaya, akaitupa. "Niliwachinja kabla hujawaona vizuri."

Nikakumbuka kiangazi kile tulivyokula kuku bila mgeni.

"Alikuwa bado hajaondoka?"

"Alikuwa yupo. Namsikia anakohoa usiku."

"Sasa kwa nini hukumwita, Bibi?"

"Nimwite nimwambie nini, mke mwenzangu? Kwamba nilimshindilia miiba kwa ajili ya kuku? Nikasema kesho. Kesho yake nikasema ngoja nivune kwanza. Halafu wewe ukaja na salamu zake." Akafuta vidole kwenye kanga, polepole, kimoja baada ya kingine. "Haya ni kitu kibaya. Inakaa kooni kama mwiba wa samaki, na maji hayaishushi."

Kisha akanionyesha kwa kidevu. Chini ya mpapai alikuwepo mtetea wa kidimu, mwekundu kama yule jogoo, na watoto wake wakubwa wawili. "Wale ni wake," Bibi akasema. "Hakuja kuchagua, nikamchagulia mimi. Yule wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa mdondo, lakini aliacha mtoto, na mtoto akaacha mtoto. Sijauza hata mmoja, sijala hata mmoja. Mto ukipungua tutavuka nikampelekee." Nilimwuliza kama anajua kijiji. Alikijua, na njia ya kufika, na jina la kaka mkubwa.

Mto ukapungua, miguu yake ikavimba. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa kuisha, mimi nikaenda chuo cha ualimu. Kila nilipompigia simu mama mdogo aliyekaa naye, nikiomba kuongea na Bibi, Bibi aliniuliza tunavuka lini, nami nikamjibu likizo, Bibi, likizo. Akawa ananipa habari za kuku wa jirani: fulani ametaga, fulani anaatamia, mwewe amechukua mmoja. Nadhani alikuwa na furaha kuwa na mtu wa kumpa habari zile. Mimi nilikuwa nazisikiliza nimeegemea ukuta wa bweni, nanusa moshi wa korosho usiokuwepo.

Leo ukienda kijijini kwetu hutamkuta kidimu. Watu wanafuga kuku wa kuletwa kwa maboksi, wanaokua upesi na kufa upesi, na jogoo haazimwi tena. Mwalimu wangu aliwahi kusema kwamba jeni inaweza kutembea vizazi na vizazi bila kuchoka, mradi apatikane mmoja tu wa kuibeba. Huyo mmoja ndiye tuliyemkosa.

Bibi alifariki nikiwa chuoni, na nilipofika walikuwa wameshamzika. Ua ulijaa watu wa karibu na wa mbali, wajomba wanashughulika, na sufuria kubwa tatu ziko motoni. Banda la kuku lilikuwa wazi. Chini ya mpapai hapakuwa na kitu ila manyoya mekundu, yaliyopinda, yakichezewa na upepo. Hawakukosea. Waombolezaji lazima wale, na kuku wa marehemu huchinjwa kwa ajili ya nani kama si wao? Mama mdogo alinipakulia ugali wa muhogo na paja, akanikalisha mkekani. "Kula, mwanangu," akasema, "hawa ndio kuku bibi yako aliowapenda kuliko wote." Nikala, kwa kuwa chakula cha msiba hakikataliwi. Katika watu wote waliokuwa uani siku ile, mimi peke yangu nilijua kwamba kuku wale hawakuwa wa marehemu.