Khitma ya Mama Yake Rafaqat

Rafaqat Ali alishuka kwenye teksi mbele ya duka la Marhoon, pale Azaiba barabara kuu, mwaka 1993, na godoro lililokunjwa na sanduku la bati. Marhoon ndiye aliyemleta kutoka Pakistani, na ndiye kafili wake: bila ya saini ya Marhoon hakuwa na ruhusa ya kukaa Omani. Alimwita Arbab, yaani tajiri wake. Alikuja kuoka mikate. Kwa wiki mbili alikuwa ndani ya udongo mpaka kwenye viwiko, akajenga nyuma ya duka tanuri la mviringo lenye mdomo mwembamba. Kisha akaanza kazi. Donge la unga analitandaza juu ya kimto cha kitambaa, anaingiza mkono ndani ya joto lile mpaka begani, paa, mkate unanata ukutani. Ukishavimba anaubandua kwa vyuma viwili virefu, na sisi tumepanga mstari tunausubiri.

Wakati ule watu walikuwa wakipanga mstari. Ukingoja mkate ulijua nani kaumwa, nani kapata mjukuu, nani kagombana na mkewe. Leo mkate unatoka kwenye maduka makubwa ya Bawshar umefungwa plastiki. Hauna harufu, na aliyeuoka humjui. Jirani anakufa na wewe unajua pale unapoona magari mengi mlangoni kwake. Watu wanayaita hayo maendeleo, na mimi nimechoka kubishana nao.

Mama yake Marhoon, Bi Zuwena, ndiye aliyemfanya Rafaqat kuwa mtu wa nyumba. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaja Omani baada ya mapinduzi, na kwa miaka yote hiyo alikataa kusema Kiarabu ndani ya jiko lake. Siku ya kwanza alipoonja mkate ule aliufumbata mkononi, akanusa, akasema, "Marhoon, huu si mkate wa ajemi wa kwetu Unguja huu?" Kesho yake akampelekea Rafaqat unga wake mwenyewe, ameukanda kwa tui na mayai, auoke. Rafaqat hakushangaa hata kidogo. Alisema kwao nako wanawake hukanda unga nyumbani, wakaubeba mpaka kwenye tanuri la mtaa, na habari zote za mtaa huokwa hapohapo.

Kwa sababu ya unga ule alijifunza Kiswahili. Alikuwa na daftari la shule, anaandika kila neno alilolikuta ni la kwetu na kwao pia: chai, duka, rangi, chapati, wakati. Tanuri kwao ni tandur. Jina lake lenyewe ni ndugu wa neno letu rafiki. Alifurahi kila mara kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea. Mimi nilikuwa namsaidia. Niliishia darasa la sita, lakini nilijisomesha kwa kamusi nikiwa karani wa ghala, na barua zote za mtaa ule, za Kiarabu na za Kiswahili, niliziandika mimi. Siku hizi hakuna anayehitaji mtu wa kumwandikia barua.

Kwake yeye nilijifunza mambo ambayo nilikuwa nikidhani nayajua. Sisi tulikuwa tukisema "Mpakistani" kama kwamba wote ni watoto wa nyumba moja. Kumbe wale madereva wa malori kutoka Peshawar wana Kipashto chao, na Mabaluchi wa Matrah wengine wazee wao walitoka Gwadar, mji uliokuwa wa Omani mpaka mwaka 1958. Rafaqat alikuwa Mpunjabi wa Faisalabad, mji ambao baba yake mpaka anakufa aliuita Lyallpur, jina la zamani. Kiurdu alikisoma shuleni na kukisikia redioni. Jikoni kwao, kwenye ugomvi na kwenye kubembeleza watoto, ni Kipunjabi. Alikuwa na mke na mabinti wawili huko, na yule mkubwa alikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wao kuingia sekondari. Aliyafanya yale ya mkono ndani ya moto kwa ajili yao.

Mwaka 1996, Jumatatu moja baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimekaa na Marhoon barazani kwake tunakunywa kahawa. Rafaqat akaingia na unga mikononi, machozi yanamtoka. Hakunitazama mimi wala Marhoon. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuwena, akakaa chini sakafuni.

"Bi Mkubwa," akasema, "mama amekufa."

Bi Zuwena akamshika kichwa. "Inna lillahi. Mwanangu, lini?"

"Leo asubuhi. Wamepiga simu, wananingoja kuzika. Mama amekufa, na mimi niko hapa."

Marhoon ni mtu mwenye hasira za karibu na huruma za karibu. Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani akatoka na paspoti ya Rafaqat, akaniambia mimi, ambaye huniita ami, yaani baba mdogo, kwa heshima tu, "Ami Hamdan, andika barua ya ruhusa sasa hivi, mtu huyu akazike." Nikaandika kwa Kiarabu kizuri kwamba mfanyakazi huyu amefiwa na mzazi wake wa kike.

Ndege ilikuwa ya siku ya pili yake. Kabla hajaondoka, Bi Zuwena alimfanyia khitma palepale nyumbani. Walikuja watu wa mstari wa mkate, wakasoma juzuu zote thelathini, wanawake wakapika. Kila mmoja alimshika mkono Rafaqat akamwambia, "Pole kwa mama." Naye aliitikia huku akilia. Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile alisema moyoni: watu hawa wana neno letu hata hili, sina haja ya kulieleza.

Alikaa huko wiki tano. Alirudi amekonda, akawasha tanuri, mambo yakaendelea. Mwezi mmoja baadaye Mpunjabi mwenzake alikuja kutoka likizo na mzigo wa Rafaqat kutoka kwao: shali ya sufu kwa ajili ya Bi Zuwena, na kaseti. Wakati ule watu wa mbali walituma sauti kwa kaseti. Rafaqat aliichukua mpaka kwa Bi Zuwena, uso wote unang'aa. Marhoon alikuwepo; mimi nilihadithiwa baadaye. Rafaqat akaweka kaseti kwenye redio.

Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima. Alikuwa anajitahidi kusema Kiurdu, si Kipunjabi cha jikoni, kwa sababu alikuwa anazungumza na watu wa heshima.

"Nani huyu?" akauliza Bi Zuwena.

"Ammi yangu!" akasema Rafaqat. "Anakushukuru, Bi Mkubwa."

"Ami yako? Ami gani ana sauti ya kike?"

Marhoon alikuwa ametega sikio. Kiurdu chake kilikuwa cha sinema tu, lakini sinema zimemfundisha maneno mawili matatu. "Anasema *beta*," akasema. "Anasema mwanangu Rafaqat. Huyu mama yako!"

"Hapana," akasema Rafaqat. "Mama amekufa."

"Kafa, na huyu anatoa salamu?"

"Wallahi, Arbab, mama amekufa! Nimezika mimi, kwa mikono hii."

Kule kuapa ndiko kulikomharibia. Marhoon alishasikia hadithi nyingi za wafanyakazi wanaoua mama zao ili wapate likizo, lakini hakuna aliyemfanya asomeshe khitma nyumbani kwake kwa ajili ya mtu mzima wa afya. Nilipoitwa nilimkuta amesimama. "Ami Hamdan, kaa uandike. Viza yake inafutwa. Ijumaa anapanda ndege, na hapa harudi tena."

Rafaqat alikuwa amekaa pembeni. Hakulia safari hii. Aliniambia polepole, "Mzee, binti yangu ana mtihani mwaka huu. Niambie nimekosa nini."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Na nitasema kweli: jambo la kwanza lililonijia ni kwamba barua ile ya kwanza niliiandika mimi, na sikutaka mtu anikumbushe. Nikataka kumaliza haraka. Lakini mtu anayesema uongo hukuangalia kwa namna fulani, na yeye hakuniangalia hivyo. Nikaweka kalamu chini.

"Huyo mama uliyemzika," nikamwambia, "una picha yake?"

Akatoa pochi. Ndani yake mlikuwa na picha ya mzee wa kiume, amekaa juu ya kitanda cha kamba, kilemba kichwani, ndevu zimetiwa hina mpaka zimekuwa kama karoti.

"Huyu," akasema. "Mama."

Marhoon akaichukua picha, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Huyu mama yako?"

"Ndiyo, Arbab."

"Na ndevu zote hizi?"

"Mama mkubwa ndiye huyu. Mama mdogo yuko Lahore, yeye hunyoa."

Bi Zuwena alianza kucheka kabla yetu. Mimi ndipo nilipoelewa. "Kaka yake ammi yako?" nikauliza. "Yeye na ammi yako tumbo moja?"

"Eee! Kaka ya ammi. Si ndiyo mama? Nyinyi mnamwitaje?"

"Mjomba!" tukasema wote watatu.

"Mjomba," akarudia Rafaqat, kama mtu anayeonja chakula asichokipenda. Halafu akaninyooshea kidole. "Na huyu Arbab anakuita ammi kila siku. Kwetu ammi ni yule aliyekuzaa. Nilinyamaza. Nilisema labda kwenu mzee akiheshimiwa sana huwa mama."

"Ya Rabbi!" Bi Zuwena alishika mbavu. "Basi Hamdan, kumbe wewe ndiye uliyemzaa Marhoon! Na mimi miaka yote najisifu bure!"

"Na dada je?" nikamuuliza, maana sasa nilitaka kujua nimekosea mangapi.

"Dada? Baba ya baba."

"Babu!" Bi Zuwena akalala kabisa kwenye mto. "Hebu niacheni, ntakufa mie, na mtasomeana khitma kwa majina hayahaya!"

Tulipotulia, Rafaqat alitueleza kwa nini alilia vile. Mwaka 1947, Uhindi ilipogawanywa na Pakistani ikazaliwa, watu wao walikuwa upande wa Jalandhar. Ghafla kijiji chao kikawa si nchi yao, na mamilioni ya watu wakaingia barabarani, hawa wanakwenda, wale wanakuja. Wazazi walipotea katika msafara. Kijana wa miaka kumi na miwili akampandisha mdogo wake wa kike mgongoni, akatembea naye siku kumi na moja mpaka ng'ambo ya mpaka. Yule mtoto wa mgongoni ndiye mwenye sauti kwenye kaseti. Kaka yake ndiye aliyemlea, akamwoza, na siku ya harusi ya Rafaqat akaja na nguo na vyombo, kama ilivyo ada ya upande wa kuukeni. "Bila yeye," akasema Rafaqat, "ammi hakuna, na mimi hakuna."

Bi Zuwena aliacha kucheka. "Basi khitma haikupotea," akasema. "Tulimsomea yeye."

Nikamwambia Marhoon kwamba kosa ni langu. Mimi ndiye mwenye kamusi. Akaichana karatasi niliyoianza, akapangusa shingo yake, akamwambia Rafaqat, "Nisamehe, yakhe, ndugu yangu." Sijamsikia akimwomba mtu mwingine msamaha. Kisha akanigeukia. "Andika nyingine. Ombi la viza ya kutembelea, ya mama yake. Na hakikisha safari hii ni mwanamke."

Nilifungua kamusi kutafuta mama, neno nililolijua tangu utotoni, nikalisoma mara tatu, ndipo nikaandika.

Rehmat Bibi alifika Machi 1997. Alikuwa mfupi, ana pete ndogo ya pua, na siku ya pili tu alishakaa na Bi Zuwena uani wanakanda unga katika sinia moja. Hawakuwa na lugha. Rafaqat alikuwa kazini, na mimi sikuitwa kutafsiri. Nilikuwa nimekuja kuchukua mkate tu. Nilimwona Rehmat Bibi akiacha unga, akainama, akageuza mikono nyuma kuonyesha jinsi mtoto anavyobebwa mgongoni, na vidole vyake vikatembea juu ya sinia, mbali, mbali. Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa. Naye akafuta mikono, akaikunja kifuani kama aliyepakata mtoto mzito, akaelekeza kidevu upande wa bahari, kisha akamwonyesha Marhoon aliyekuwa anaegesha gari nje, baba mzima mwenye kitambi.

Rehmat Bibi akamwangalia Marhoon, akamwangalia Bi Zuwena, akacheka, akamsogezea unga.