Siku Ishirini na Nane za Likizo

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, tarishi wa ofisi alinikabidhi barua ya mistari minne. Ilinitaka nianze likizo siku hiyohiyo, siku ishirini na nane, na kabla ya saa sita niwe nimemkabidhi msaidizi wangu funguo za stoo.

Niliisoma mara tatu. Nilikagua tarehe, sahihi na muhuri. Kisha nikamtazama tarishi nione kama ananionea huruma. Alikuwa anajikuna mguu.

Inabidi nieleze kwa nini barua ya likizo ilinitisha. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Shirika letu la umma pale Kigoma lilipokea kwa treni bidhaa za vijiji vya kando ya ziwa, yaani majembe, sabuni, nyavu na vioo vya taa, likazipeleka huko kwa boti. Mimi nilikuwa nakaimu cheo cha mkuu wa stoo, na huo ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Kukaimu ni kufanya kazi yote ya cheo kwa mshahara wa cheo cha chini yake, huku ukingoja barua ya kukuthibitisha. Mkuu aliyenitangulia alikuwa mtu wa Bukoba. Alikwenda kwao likizo, na aliporudi alikuta mezani barua ya uhamisho wa Tabora. Hakuna aliyempa sababu. Tangu hapo nilijua, au nilidhani najua, likizo inatumika kwa kazi gani.

Mwenyewe sikuwa nimechukua likizo kwa miaka sita. Wafanyakazi wa mbali walipewa hati ya kusafiri kwa treni, wao na wake zao na watoto. Mimi kwetu ni Gungu, hapohapo Kigoma. Hati ya kwenda wapi? Nilibaki kazini, nikadhani ni sifa.

Tena nilikuwa na kinga yangu. Shule niliishia darasa la nane. Kazi ya stoo nilijifunza kwa masomo ya posta, somo moja kila mwezi. Kutokana na masomo hayo nilibuni mpangilio wa alama. Kila rafu ilikuwa na herufi na namba, na maana zake niliziandika katika daftari dogo lililokaa mfukoni mwangu na kurudi nami nyumbani kila jioni. Aliyetaka kitu ilibidi aniulize mimi. Mbele za watu niliuita utaratibu. Moyoni nilijua kwamba mtu anayeulizwa kila siku haondolewi kirahisi.

Nilikwenda kwa meneja. Alikuwa mtu wa pwani, huu ukiwa mwaka wake wa pili Kigoma, na ilisemekana ameletwa kwetu kama adhabu.

"Ndugu Meneja, nimekosa nini?"

"Likizo imekuwa kosa siku hizi?"

"Kazi ni nyingi."

"Miaka sita yote haijapungua?" Akacheka. "Kapumzike, ndugu yangu. Kalime, kajenge choo. Mimi nikipewa wiki moja tu, hamnioni hapa."

Nilitoka nikiligeuzageuza neno "kapumzike" pande zote. Hata kicheko chake nilikitafutia maana.

Msaidizi wangu alikuwa mtu wa Ujiji. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alinizidi miaka miwili, na mzaha haukumtoka mdomoni. Alipokea funguo, akaangalia rafu.

"Mzee wa alama, hizi herufi zako hazina mkalimani?"

"Utazizoea."

"Kwa siku ishirini na nane? Mimi Kurani nilihitimu kwa miaka minne, na huko nilikuwa na mwalimu!"

"Ukikwama, nitafute nyumbani."

Daftari sikumpa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: siku ya tatu watakwama, siku ya nne watanifuata, na meneja ataona mwenyewe kwamba stoo haiendi bila mimi. Baada ya hapo wasingethubutu kumpa cheo mtu mwingine.

Kuanzia Jumanne nilikaa kwenye mgahawa wa chai unaotazamana na geti letu. Kikombe kimoja nilikinywa saa tatu nzima. Jumatano, boti ya vijiji vya kusini ilipokuwa ikingoja mzigo, nilimwona msaidizi akiingia stoo na kutoka mikono mitupu mara kumi na moja. Nakiri nilifurahi.

Mke wangu hakufurahi.

"Likizo gani hii? Unatoka mapema kuliko siku za kazi. Una mwanamke huko mjini?"

"Nina stoo."

"Afadhali angekuwa mwanamke. Angekwisha kukuchoka."

Hakuna aliyekuja kuniita. Alhamisi asubuhi msaidizi aliwakusanya makuli wanne, wakaanza kutoa kila kitu nje. Masanduku na marobota yalipangwa uani, na meneja mwenyewe alisimama pale na karatasi mkononi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Walikuwa wananitafutia wizi. Sikuwa nimechukua hata kipande cha sabuni, lakini pale mgahawani nilianza kupekua kumbukumbu zangu za miaka sita kama mtu mwenye hatia.

Ijumaa jioni walimaliza kurudisha mzigo. Msaidizi akavuka barabara, akaketi mezani pangu bila kualikwa.

"Tulidhani mgahawa umekuajiri, bwana."

"Mmekuta upungufu?"

"Upungufu wa nini?"

"Si mmehesabu?"

"Tulikuwa tunatafuta vioo vya taa! Tumevikuta nyuma ya nyavu, mahali unapopaita P9. Sasa tumeandika VIOO VYA TAA." Alivuta kikombe changu, akanusa. "Imepoa hii. Nenda nyumbani, ndugu."

Sikurudi tena mgahawani. Siku ya ishirini na tisa niliripoti kazini, nikakuta kila sanduku limeandikwa kwa rangi nyeusi: MAJEMBE, SABUNI, NYAVU. Kuli mmoja aliyehitimu kisomo cha watu wazima miezi michache tu nyuma alinionyesha nyavu zilipo, akilisoma neno kwa kidole, silabi moja moja. Zamani angeniuliza mimi.

Meneja aliniita saa nne.

"Mkuu wa stoo anatakiwa azunguke vijijini kwa boti, wiki mbili, wakati mwingine tatu. Makao makuu waliniuliza swali moja tu juu yako: akisafiri, stoo inafunguka? Nilitaka niwajibu kwamba inafunguka."

"Barua yako haikusema hivyo."

"Ingesema, ningejua nini? Ungempa mwenzako daftari Jumatatu ile, leo ningekupa mkono. Badala yake nilikuona kwa macho yangu, wiki nzima, na kikombe kimoja."

Aliyethibitishwa katika cheo ni msaidizi wangu.

Nimelipima jambo hili mara nyingi. Barua ya kumthibitisha mwenzangu ilitiwa sahihi siku ya ishirini ya likizo yangu, kabla sijaulizwa neno. Hiyo inanifanya niamini kwamba meneja alikuwa ameamua zamani, na hadithi ya mtihani aliitunga baadaye. Kwa upande mwingine, kufikia siku ya tano mambo yote yalikuwa yameonekana wazi, na daftari ni mimi niliyelificha. Meneja alihamishwa mwaka uliofuata, akaondoka kwa treni akiwa na furaha isiyofichika, na sikumwuliza. Nisingeamini jibu lake lolote.

Nilifanya kazi chini ya msaidizi wangu wa zamani kwa miaka mitatu na miezi miwili, mpaka nilipopata cheo kama hicho katika ofisi nyingine. Tofauti ya mishahara yetu ilikuwa shilingi themanini na tano kwa mwezi. Kwa miezi thelathini na minane, nilipoteza shilingi elfu tatu mia mbili na thelathini.