Hodi za Mchana

Mke wangu ni nesi wa zamu ya usiku. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu naifanyia hapahapa kibarazani, kwa hiyo kila anayekuja kumwamsha namwona. Jamani, watu hawana haya!

Anarudi asubuhi miguu imevimba, anaoga, anajilaza. Hajageuza hata ubavu, hodi! Jirani anataka kupimwa presha. Hodi! Shangazi yangu, aliyenilea, kaleta mjukuu mwenye mafua. "Si yupo nyumbani?" wanasema. Eti yupo nyumbani! Anayelala mchana kwao ni mvivu. Na mke wangu naye kukataa hajui, anaamka, anatabasamu.

Juzi kaja dereva wa nyumba ya pili, kagonga mpaka mke wangu akaamka. Shida yake? "Nesi, siku hizi sipati usingizi." Nilitamani nimrushie pasi! Mke wangu akamweleza kwa upole kwamba usingizi si anasa, mtu asipolala vizuri presha hupanda, moyo huchoka, hata maradhi madogo hukawia kupona. Anaeleza huku anapiga miayo! Aliposimama akayumba, akashika ukuta.

"Kaa," nikamwambia. "Leo unapimwa wewe."

Nikamfunga mkononi mashine yake mwenyewe. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya wote aliowapima. Dereva akachungulia, akaondoka bila kuaga. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu wangu hata nafasi ya kujiganga wamemnyima. Jana nilimpeleka kwa daktari, akamwambia waziwazi: dawa atakunywa, ila asipolala vya kutosha, ataanguka.

Leo nimeweka kiti mlangoni, nimeziba njia. Shangazi huyo.

"Hodi!"

"Shikamoo, shangazi. Amelala."

"Marahaba. Amelala saa hizi? Kwani anaumwa?"

Damu ikanichemka. "Amelala ili asiumwe! Mnataka aanguke ndiyo mje kulia hapa?"

"Mwanangu, unanifukuza mimi?"

Nikarudi kwenye gauni la mteja nililokuwa nalishona kwa mkono, maana cherehani nayo ina kelele zake. Shangazi akaitazama sindano, akaitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Alinuna, lakini akavuta kigoda, akakaa.

Haukupita muda jirani akatokea. "Hodi wenyewe!"

"Shii!" shangazi akamkaripia kabla sijainua kichwa. "Huoni mtu amelala?"