Mbwa wa Fundi Kiraka

Walimvamia mchana kweupe, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hata jirani wa ukuta kwa ukuta asingesikia kelele. Fundi Kiraka, mwanamke aliyepewa jina hilo mtaani kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kuchanika ikamshinda, alikuwa ameinamia cherehani. Wa kwanza alimshika nywele akambamiza uso kwenye meza ya kukatia. Wa pili akamshushia nondo kwenye mkono wa kushoto, mfupa ukalia kama kuni kavu. Wakabeba cherehani na vitambaa vya wateja, wakamwacha sakafuni anatema damu na jino.

Mkono uliunga kombo. Moyo haukuunga kabisa. Mlango ukisukumwa tu, Kiraka alishika mkasi. Nusura amchome mama wa watu aliyefuata sketi yake.

"Dada, utaua mtu," kaka yake, dereva wa lori, alimwambia. "Tafuta mbwa."

Akatafuta. Kule stendi alimkuta mtu anauza watoto wa mbwa kwenye boksi. "Mbegu safi hii, mama, ya polisi kabisa!" Kiraka hakuuliza mama yao yuko wapi; akanunua mmoja. Hazikupita siku nyingi, yule mtoto akaanza kutapika, kisha akahara damu tupu. Alijikunja, akajinyoosha, akang'ata ulimi wake mwenyewe, akafia mapajani mwa Kiraka.

"Hakuchanjwa huyu, na aliachishwa ziwa mapema mno," alisema daktari wa mifugo. "Ukitaka mbwa wa kweli, nenda kwa Mama Mbwa, anayewazalisha mwenyewe. Ila jiandae. Yule mama ana maswali kuliko mkwe."

Mama Mbwa alikuwa mtu mzima mwenye mwili, miguu ndani ya mabuti ya mpira. Mabanda yake yalinukia dawa ya kusafishia. Alimwonyesha Kiraka mama wa watoto, jike la aina ya mchungaji wa Kijerumani, mbwa wa polisi, lenye macho ya kutulia. Akamwonyesha vyeti vya ukoo, kadi za chanjo, hata picha za eksirei za nyonga, kuthibitisha hazina kasoro. Kisha akauliza, "Mbwa wa nini?"

"Wa kurarua watu."

Mama Mbwa akafunga komeo la banda. "Basi umepotea njia, mwanangu. Mimi siuzi visu."

Kiraka alikunja mkono wa gauni, akauweka hadharani ule mfupa uliopinda. Mama Mbwa aliutazama. "Pole," alisema. "Kaa, tuzungumze."

Hawakuwahi kukaa. Geti lilipigwa teke, akaingia mwanamume mwenye shingo nene, mnyororo mkononi. Kazi yake ilikuwa kupiganisha mbwa, watu wakiweka dau.

"Leo utaniuzia madume mawili, bibi."

"Nilishakukatalia. Yule mbwa uliyemnunua kwa mgongo wa shemeji yako nilimwokota jalalani, taya linaning'inia. Toka kwangu!"

Mnyororo ulimshukia usoni. Mama Mbwa alianguka chali, damu ikifumba jicho moja. Jike lilirukia wavu, likarushwa nyuma, likarukia tena mpaka fizi zikachanika. Yule bwana akafungua banda dogo, akanyanyua mtoto mmoja kwa ngozi ya shingo. Mtoto akalia.

Kiraka alijikuta na koleo la kuzolea taka mkononi, hajui ameliokota saa ngapi. Pigo la kwanza lilivunja goti. Mtu akaanguka, mtoto akaponyoka. La pili likatua begani, la tatu mbavuni, na hapo hakuwa akimpiga tena mwenye mnyororo; alikuwa akiwapiga wale wawili waliomvunja mkono. "Nisamehe, dada! Nakufa!" Kiraka akalitupa koleo, akakimbilia komeo la banda la jike.

"Usifungue!" Mama Mbwa alikuwa akitambaa kwenye vumbi. "Akimrarua mtu, watamuua yeye. Siyo wewe, siyo mimi. Yeye!"

Vidole vya Kiraka vilikuwa tayari juu ya komeo. Nyuma ya wavu jike lilikuwa linabweka, likitoa damu na povu. Kiraka akaliachia komeo, akakaa chini, akalia kwa kwikwi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nondo. Majirani ndio waliomkokota yule mtu hadi kituoni.

Mama Mbwa akashonwa paji la uso. Kiraka alidhani siku hiyo hiyo atapewa mtoto wake wa mbwa.

"Hawajafikisha wiki nane," alisema Mama Mbwa. "Hawatoki."

"Hata baada ya nilichokufanyia?"

"Hasa baada ya hicho. Njoo kila Jumapili ukae nao. Nataka nione mikono yako ikitulia."

Kiraka alinuna, lakini alikuja, mara ya kwanza kwa hasira, zilizofuata kwa hamu. Mwishowe aliondoka na jike dogo, kadi zake, na ahadi kwamba likimshinda atalirudisha pale pale, si kwingine.

Wezi wa cherehani hawajakamatwa mpaka leo. Mbwa hulala chini ya meza ya kukatia, na mteja akiingia huinua kichwa kwanza. Kiraka humtazama mbwa kabla ya kuutazama mlango. Mbwa huyo hajawahi kumng'ata mtu. Mama Mbwa hapitishi mwezi bila kupiga simu.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Na wewe?"